Turbo kwenye mita 1,795: uzi wa tunaotunza magari yetu wenyewe Nairobi

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimekaa nao kichwani karibu mwaka mzima. Nina Subaru Impreza WRX STI ya 2006, bodi ya GDB, injini EJ207 ya lita 2, gia sita za mkono. Niliinunua hapa hapa Nairobi kwa mtu. Kuagiza haikuwezekana, kwa sababu gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza haliingii nchini. Wenye GDB, Mitsubishi Evo 9, Legacy BP5 na Forester SG5 mnajua maana yake: tunarithiana yaliyobaki. Hakuna jingine linalokuja melini. Ukiliua moja, limepungua moja.

Ndiyo maana naandika.

Nilipolichukua nilikuwa na haraka ya sauti na kasi. Kabla sijajua taiming belti, mkanda unaooanisha mzunguko wa injini na vali zake, ilibadilishwa lini, nilikuwa nimeshafunga ekzosi ya inchi 3 na bomba pana la kuvutia hewa lenye filta ya koni. Gereji iliyofunga iliniambia gari sasa litapumua. Wiki ya tatu, napanda Waiyaki Way nimeshapita Kikuyu, gia ya nne, mguu chini kabisa, nikasikia mlio kama kokoto zinazotikiswa kwenye mkebe. Niliachia mafuta papo hapo, nikarudi nyumbani polepole bila kuruhusu turbo lisukume hewa ya ziada kwenye injini. Nilipotoa plagi, ya silinda ya tatu ilikuwa na vitone vidogo vinavyong'aa kwenye kaure yake nyeupe. Ile ni alumini. Ni pistoni yangu iliyokuwa imeanza kuyeyuka.

Chanzo ni kile kile bomba pana. Sensa ya hewa kwenye Subaru hizi ina waya wa moto. Hewa ikipita inaupoza, na kompyuta inakadiria kiasi cha hewa kutokana na kupoa huko. Hesabu hiyo imepangwa kwa bomba la kipenyo fulani. Ukilipanua, hewa ile ile inapita taratibu zaidi mbele ya waya, sensa inaripoti hewa pungufu, na kompyuta inatoa petroli pungufu. Mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda, na petroli inajilipua ovyo badala ya kuungua kwa mpangilio. Ongeza na hili: STI ya soko la Japani imepangwa kunywa petroli ya okteni 100, na pampu zetu haziuzi hiyo. Gari lilikuwa limekaa pembezoni tangu siku lilipotua, na mimi nikalisukuma.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mabaraza ya Wajapani, Waingereza na Wamarekani hayatakwambia, kwa kuwa wengi wao wanaishi karibu na usawa wa bahari. Sisi tuko juu, mita 1,795 hivi. Mombasa hewa inakandamiza kwa psi 14.7 (psi ni kipimo cha shinikizo), hapa ni kama 12. Yaani karibu asilimia 18 ya hewa haipo.

Watu husema, "Sina wasiwasi, nina turbo." Turbo husaidia kweli, lakini fanyeni hesabu. Kipimo cha dashibodi kikisoma psi 17 pale Mombasa, turbo limechukua hewa ya 14.7 likaifikisha 31.7, zaidi kidogo ya mara mbili. Kipimo kikisoma 17 ile ile ukiwa Westlands, limechukua 12 likaifikisha 29. Hapo ni karibu mara mbili na nusu. Linazunguka kwa kasi kubwa zaidi, linatoa hewa ya moto zaidi, na bado injini inapata hewa kidogo kuliko ya Mombasa. Kompyuta ya Subaru ina sensa ya hewa ya nje na hupunguza busti, yaani shinikizo linaloongezwa na turbo, yenyewe ukipanda juu. Halafu mtu anafunga kifaa cha kuongeza busti kwa mkono ili afikie namba aliyoiona kwenye video ya mtu anayeishi pwani. Anachokifanya ni kuondoa ulinzi ambao kiwanda kiliuweka kwa ajili ya mahali kama hapa.

Nilirudisha bomba la kiwandani. Kisha nikatumia miezi saba kurejesha nguvu ambayo gari lilizaliwa nayo kabla ya kufikiria kuongeza hata farasi mmoja. Taiming belti mpya pamoja na roli zake zote, kikaza mkanda na pampu ya maji, kwa sababu kitabu kinasema kilomita 100,000 na hakuna aliyeweza kunionyesha risiti. Plagi mpya, zikakazwa kwa spana ya toki, Nm 21, injini ikiwa baridi, maana nyuzi za hedi ni za alumini. Mipira yote ya hewa na vakyumu. Na ile bolti ya banjo inayopeleka oili kwenye turbo: ndani yake kuna kichungi kidogo cha wavu, na oili ikicheleweshwa kubadilishwa wavu unaziba, turbo linakufa kwa kiu huku geji ya oili ikionyesha kila kitu ni shwari. Changu kilikuwa kimeziba karibu nusu.

Gari lilibadilika. Sijaongeza kitu, lakini turbo linaamka mapema na injini inanguruma sawasawa ikiwa imesimama.

Naomba tuchangie hivi: umefanya nini mwenyewe, kiliharibika nini, ulirekebishaje. Picha za gari likiwa limeoshwa zina nyuzi zake.

Mwenye Mark X

Asante kaka, nimesoma mara mbili. Mimi nina Toyota Mark X, GRX130 ya 2.5, haina turbo. Kwa hivyo hiyo asilimia 18 nimeipoteza tu? Kuna jamaa ananiuzia filta ya koni na kifaa cha kuamsha pedali ya mafuta. Anasema nitasikia tofauti.

Mwanzisha uzi

Ndiyo ndugu yangu, imepotea. Farasi 203 za karatasi ya Japani, hapa ni kama 165 hivi, na hakuna filta inayorudisha hewa ambayo mbingu haijatoa. Kifaa cha pedali hakiongezi nguvu. Kinafungua mlango wa hewa mapema tu, hivyo mguu wako unahisi gari limekuwa jepesi. Na koni ukiiweka ndani ya boneti inavuta hewa iliyokwisha kupashwa joto na injini. Boksi la kiwandani linavuta hewa baridi kutoka mbele. Liache.

Pesa hiyo ipeleke kwingine. Injini yako, 4GR-FSE, inanyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo petroli haiziogeshi vali za kuingizia hewa na masizi hujijenga juu yake mwaka baada ya mwaka. Tafuta fundi mwenye kamera ndogo aangalie. Zikiwa nyeusi na nene, kuzisafisha kutakurudishia zaidi ya chochote anachouza huyo jamaa. Baada ya hapo tazama bushi za mikono ya chini, shoki, na tairi. Mark X ni gari la nyuma-linasukuma lenye mizani nzuri sana, na nyingi ninazoziona hapa mjini zinayumba kama mashua kwa sababu bushi ni zile zile zilizotoka nazo kiwandani.

Fundi wa Kariobangi

Mwanzisha uzi umeongea vizuri, ila nina neno kwa vijana wanaosoma hapa, maana wakishasoma wanafungua injini na mimi ndiye ninayeletewa ndoo ya bolti.

Taiming belti ya EJ yenye kemu nne (shafti zinazofungua vali) si kazi ya kujifunzia. Kemu za upande wa kushoto ziko chini ya mkazo wa springi za vali. Ukitoa mkanda, zinaweza kuruka zenyewe kwa nguvu, na vali ya kuingizia ikagongana na ya kutolea. Umepinda vali bila hata kuwasha gari. Kuna vifaa vya kuzishika kemu. Usipokuwa navyo, usiguse. Oili, plagi, filta, breki pedi, kulanti, hayo fanya nyumbani. Mkanda lete kwa mtu, kaa pembeni uangalie, uliza kila swali. Fundi anayekukataza kuangalia, ondoka na gari lako.

La pili ni kipimo cha mgandamizo. Nimeona injini nzima zikitupwa kwa sababu ya kipimo hiki. Kitabu cha Subaru kinasema injini ya turbo isome kati ya psi 142 na 171. Mtu anapima hapa Nairobi, anapata 125, anaambiwa ringi zimekwisha, ananunua injini nyingine ya mtumba ambayo ni mbaya kuliko ile aliyotoa. Kitabu kimeandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari! Punguza ile 18 aliyotaja mwanzisha uzi, utaona 116 hadi 140 ni afya kabisa kwetu. Cha kuangalia zaidi ni tofauti baina ya silinda. Tatu zikisoma 125 na moja 85, hapo tuna msiba. Zote zikisoma 120, nenda nyumbani ukalale.

Hata vakyumu, ule mvuto wa hewa ndani ya injini, ni vivyo hivyo. Mtu amefunga geji, injini ikisimama inasoma chini ya ile aliyoiona mtandaoni, anaanza kuwinda mahali panapovuja. Hapavuji popote. Hewa yenyewe ndiyo kidogo.

Na mkibadilisha injini, namba mpya iingizwe kwenye logbook kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri. Nimewahi kupata mteja ambaye gari lake lilikwama kuuzwa kwa miezi kwa sababu namba ya injini na ya karatasi hazikujuana.

Mwenye GTI

Mimi nitapinga kidogo, kwa heshima. Nina Volkswagen Golf GTI Mk6. Nilifanya tuni ya kompyuta tu, yaani kupanga upya programu ya injini, hakuna kingine, na gari yangu iko mwaka wa tatu bila shida. Ninyi wa Subaru mnateseka kwa sababu injini zenu ni za zamani. Magari ya Ulaya yanajipima yenyewe.

Fundi wa Kariobangi

Mdogo wangu, swali moja tu. Kikaza cheni cha injini yako ni kile cha zamani au kile kilichoboreshwa? Injini kama yako, EA888, za kwanza kwanza zina kikaza ambacho kikichoka cheni inaruka meno ukiwasha asubuhi, na vali zinapigana na pistoni. Kompyuta haijui hilo mpaka limetokea. Kuna kitundu kwenye kifuniko cha chini cha cheni. Fundi akitoa kizibo anaona kikaza kilivyo bila kushusha injini.

Na oili ya DSG, ile gia yako ya otomatiki yenye klachi mbili, umebadilisha lini?

Mwenye GTI

Ya DSG niliambiwa ni ya maisha.

Mwanzisha uzi

Hapana kaka, hapo umedanganywa. Gia ya Mk6 GTI ni DQ250, gia sita, klachi zake zimezama kwenye oili. Oili hiyo na filta yake ni kila kilomita 60,000. Ukiongeza nguvu kwa kompyuta umeongeza mzigo kwenye klachi hizo hizo, kwa hiyo mimi ningeibadilisha mapema zaidi. Zile za gia saba za DQ200, klachi kavu, ndizo zenye mpango tofauti, na hiyo si yako.

Sisemi ulikosea kutuni. Mk6 inapokea tuni vizuri sana. Nasema tu ungejua kikaza na oili vikoje kabla ya kufungua kompyuta.

Mwenye GTI

Nimekuelewa. Nitapeleka wiki hii, nitarudi na majibu.

Mwenye Evo

Wazee, mmeongea injini tupu kurasa mbili. Mimi niwapeleke Magadi.

Nina Evo 9. Mwaka juzi tulitoka alfajiri, magari manne, Kiserian, Kona Baridi, kisha ule mteremko. Kutoka huku kwetu mpaka ziwani unashuka zaidi ya mita elfu moja, na joto linakupanda kadiri unavyoshuka. Breki zangu ni zile za Brembo, pedi zilikuwa mpya, nikajiona mfalme. Kona ya kumi na kitu hivi, pedali ikazama mpaka sakafuni. Si kwamba ilikuwa laini. Ilizama. Nilipampu mara tatu, nikashusha gia mpaka ya pili, nikasimamia ukingoni mwa barabara na mke wangu pembeni akiwa kimya kabisa.

Tatizo lilikuwa mafuta ya breki ya shilingi mia chache ambayo hakuna aliyeyabadilisha tangu nilinunue gari. DOT 4 ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230. Lakini mafuta hayo hunyonya unyevu kutoka hewani, hata kupitia mipira, na yakishanyonya kiwango kinachoruhusiwa ni nyuzi 155 tu. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unagandamizika, na pedali haina cha kusukuma. Pedi za bei mbaya hazisaidii chochote hapo.

Sasa nabadilisha kila mwaka, mwenyewe. Nampa kijana wangu kazi ya pedali, mimi niko kwenye nipeli na mpira ndani ya chupa. Natumia chupa iliyofunguliwa siku hiyo hiyo. Iliyokaa wazi kwenye rafu naitupa. Na msichanganye na DOT 5, hiyo ni ya silikoni, haipatani na DOT 4. Ya 5.1 ndiyo inaingiliana.

Kitu kingine: someni tarehe ya tairi. Tarakimu nne ubavuni, wiki na mwaka. 3216 ni wiki ya 32 ya 2016. Mtu amefunga tuni ya laki na ushee, tairi ni za mtumba zenye umri wa mtoto wa darasa la nne.

Mwanzisha uzi

Pole sana kaka, na ahsante kwa kusema wazi. Nimetoka hapa kuangalia zangu. Ni za 2019. Zinatoka.

Kwa injini yako ya 4G63 nikuulize: mlipobadilisha mkanda mkubwa, mlibadilisha na ule mdogo wa shafti za mizani? Ukikatika huo mdogo unaweza kuingia kwenye mkubwa, na hapo injini imekwenda.

Mwenye Evo

Yote miwili, pamoja na kikaza. Hilo nilifundishwa na marehemu baba, alikuwa mtu wa mbio za magari za Safari Rally. Tulikuwa tunasimama kando ya barabara ya vumbi tangu saa kumi usiku. Nilimwona McRae akipita na Impreza 1997, mwaka aliposhinda, na Burns 2000. Baba alikuwa hanionyeshi kasi. Alikuwa akinionyesha lile bomba refu la hewa lililopanda kando ya kioo, ananiambia, "Wanajua wanakuja nchi gani."

Mwanzisha uzi

Mzee wako alijua. Hilo ndilo nimekuwa nikitafuta namna ya kulisema tangu ukurasa wa kwanza.

Nimalizie na tuni, maana nimetumiwa ujumbe mwingi. Nilituni mwezi wa tisa, baada ya yote niliyoandika juu. Tulipanga kwa petroli ninayoinunua kila siku, tenki lote, si kwa galoni moja ya kiongezi cha okteni ambacho sitakuwa nacho wiki ijayo. Niliomba mambo mawili. La kwanza, nipewe rekodi ya kompyuta: busti, mchanganyiko wa hewa na petroli, na mara ngapi sensa ya mlipuko imerudisha taiming nyuma. La pili, namba za daino, mashine ya kupimia nguvu ya gari, zisizorekebishwa. Mashine nyingi huzidisha matokeo ili yalingane na usawa wa bahari. Kwa gari lisilo na turbo ni sawa. Kwa gari la turbo, ambalo limeshajifidia lenyewe, marekebisho hayo yanakupa farasi ambao hawapo, na mtu anaenda kubishana nao mtaani. Karatasi yangu iliyorekebishwa ilinipendeza zaidi. Niliyoibandika gereji ni ile nyingine.

Busti yangu iko chini kidogo ya ile ya kiwandani ya Japani. Gari linavuta vizuri kuliko siku nyingine yoyote niliyolimiliki, na sensa ya mlipuko imenyamaza.

Mgeni wa SG5

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi, mzee wangu ameniachia Forester SG5 ya turbo, 2005. Nimesoma uzi wote na nimeogopa. Inachemsha kidogo kwenye foleni ya Mombasa Road, tunaongeza maji ya bomba. Sina pesa nyingi. Nianze na nini?

Mwanzisha uzi

Marahaba. Usiogope, umeuliza mapema.

Usifungue redieta ikiwa ya moto, hata siku moja. Ikishapoa kabisa, angalia kifuniko chake. Hapa Nairobi maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni shinikizo, na shinikizo linashikwa na ule mpira wa kifuniko. Ukiwa umekauka au kupasuka, gari litachemsha hata kama kila kitu kingine ni kizima. Ndiyo spea ya bei nafuu kuliko zote kwenye mfumo huo. Angalia pia kama feni zote mbili zinazunguka ukiwasha ubaridi.

Maji ya bomba acha. Injini nzima ni alumini na maji yale yanaila kutoka ndani. Mwaga, jaza kulanti iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, jaza polepole, pua ya gari ikiwa imeinuka, mpaka mapovu yaishe. Injini za boksa kama yako, zenye silinda zilizolala, hushika hewa, na povu moja likibaki litakudanganya kwamba gasketi imekufa. Lakini ukiona mapovu hayaishi kabisa injini ikiwa inanguruma, zima, usiendeshe tena mpaka tukutane.

Jumapili hii nitakuwa kwa Fundi pale Kariobangi kuanzia saa tatu asubuhi, ameniruhusu niseme. Nina kipimo cha mgandamizo na pampu ya kupimia mfumo wa maji. Njoo na mzee wako, mje mkiendesha taratibu kabla jua halijawa kali. Mwenye GTI, naona umesema utapeleka wiki hii. Kamera ya kuangalia kikaza ninayo pia.

Mwenye GTI

Nitakuwepo. Chai juu yangu.

Fundi wa Kariobangi

Wa Forester aje wa kwanza. Injini iwe baridi.